Nafasi ya Mkono wa Mama

Ukipita leo kwenye kibanda cha Masila, pale Machakos inapoanzia barabara ya kuteremka Kola, utamkuta akichonga mipini ya majembe. Mipini tu, na stuli mara mojamoja. Usimuulize habari ya kitanda cha mtoto. Wateja wa zamani bado huja, mama mja mzito mbele na shangazi nyuma, na mimi huwawahi kabla hawajamfikia. Nawaambia wakaulize mjini, madukani. Wengine hunitazama kama mtu anayekitia mchanga chakula cha jirani yake, nami nawaacha wanitazame.

Mimi ni Ndanu. Nauza magodoro na mito. Kibanda changu na cha Masila vinatenganishwa na bati moja, na kila kitanda cha mtoto alichowahi kuuza, godoro lake nimelikata mimi. Yeye haongei. Mimi naongea hadi wateja wananiomba nipumzike. Kwa hiyo hii habari yake msitarajie kuisikia kutoka kwake, mtaisikia kwangu, na kama nitafoka mahali mnivumilie, maana bado nina hasira.

Kwao ni wachongaji tangu babu. Alianza ujana wake akichonga twiga na vifaru wa kuuzia watalii, akachoka. "Twiga hakuna mtu anamhitaji," aliniambia siku moja, na hiyo kwa Masila ni hotuba. Akaingia useremala. Mtoto wake wa kwanza alipozaliwa, mkewe aliumwa sana baada ya kujifungua, akawa hawezi hata kuketi. Masila akatengeneza kitanda kidogo cha saiprasi, akakisogeza ubavuni mwa kitanda kikubwa, na kati ya vijiti vya ubavuni akaacha nafasi ya kutosha mkono wa mkewe upite. Mama alale pale pale, anyooshe mkono, ampigepige mtoto mgongo mpaka atulie. Hakutumia rula. Alipima kwa ngumi yake: kijiti, ngumi, kijiti, ngumi. Watoto wake wanne walilala humo mmoja baada ya mwingine, na wote sasa ni watu wazima wenye ndevu na madeni.

Basi ngumi ile ikawa kipimo chake cha maisha. Na wanawake walikipenda kitanda kile, msinidanganye kwamba hamngekipenda. Vitanda vya madukani vina vijiti vimebanana, mtoto akilia lazima uamke, usimame, uiname na mshono wako wa upasuaji. Cha Masila unanyoosha mkono tu. Walikuja kutoka Kangundo, walikuja kutoka Athi River, hata wauguzi walikuja. Nilikuwa nawaambia mwenyewe kwa sauti ya kuuzia: "Hiki kina nafasi ya mkono wa mama!" Na Masila nyuma yangu anapiga randa, anatabasamu kidogo, kama mtu aliyesifiwa kanisani.

Sasa kuna Mama Levi wa Kola. Huyu ni mwanamke mnene, mcheshi, mwenye sauti ya kuita watu kutoka mlima wa pili. Mumewe Wambua alikufa, na mwanawe Levi alipopata mtoto wa kiume, mtoto akapewa jina la babu yake, Wambua, kama desturi yetu inavyotaka. Msichana wa kwanza wa Levi alikuwa tayari amechukua jina la Mama Levi mwenyewe, Kalekye. Kwa hiyo katika nyumba yao ya udongo mwekundu wazee wote wawili walikuwepo tena, wakiwa wadogo. Mama Levi hakumwita yule mtoto kwa jina. Alimwita mume wangu. "Mume wangu amekojoa." "Mume wangu leo amekataa uji, amekasirika na mimi." Nasi tulicheka, maana ndivyo nyanya wa kwetu wanavyofanya, lakini kwake niliona kuna kitu zaidi ya mzaha. Alikuwa amerudishiwa mtu.

Alikuja kibandani mwenyewe kumnunulia kitanda. Akaingiza mkono kati ya vijiti, ukakwama kwenye kiwiko.

"Hii mkono yangu si ya msichana," akasema. "Achanisha hizi mbao kidogo, fundi. Nataka nikilala nimshike mume wangu."

"Mwaitu, nikiachanisha zaidi itakaa kama zizi," Masila akamwambia. Mwaitu kwetu ni mama yangu, na ndivyo unavyomwita mwanamke wa umri ule.

"Si wewe ndio fundi? Achanisha."

Nikamtania, "Mume gani huyu analindwa hivi?"

"Huyu hatanitoroka kama wa kwanza," akajibu, tukacheka wote watatu. Masila akatoa kijiti kimoja kila upande, akavipanga upya vilivyobaki. Nikakata godoro, likafungwa juu ya bodaboda pamoja na kitanda, Mama Levi akaondoka akiwa na furaha.

Mtoto alikufa akiwa na miezi saba.

Sisi huku mjini tuliambiwa alisongwa na shuka. Tuliambiwa pia kwamba mamake, Linet, mke wa Levi, alimlaza mchana, akatoka kwenda kuanika nguo nyuma ya nyumba, na huko akasahau mtoto akiwa kwa simu. Mama Levi alikuwa anatoka shambani akamwona amesimama kwenye kamba ya nguo, simu sikioni, anacheka. Kisha akaingia ndani kumsalimia mumewe, na ndiye aliyemkuta.

Tulienda mazishini, mimi na Masila. Masila alibeba kiti chake mwenyewe, akaketi nyuma. Mchungaji alisema Mungu alikuwa anahitaji ua katika bustani yake. Nachukia maneno hayo. Kama Mungu anataka maua, Machakos nzima ina maua. Na kila mwanamke aliyesimama kusema rambirambi alitafuta njia ya kupitia kwenye simu: wasichana wa siku hizi na simu, mtu akiwa na mtoto aweke simu mbali, tujifunze kutoka kwa hili. Linet alikuwa ameketi kwenye mkeka mbele ya macho ya watu wote, maziwa yamelowesha blauzi yake. Hakuna aliyempa hata leso ya kujifunika. Nilivua yangu nikampa.

Baada ya mazishi wakamwambia aende kwa mama yake Kangundo akapumzike. Akaenda. Alipotaka kurudi kumchukua Kalekye wake, msichana wa miaka mitano, aliambiwa mtoto anabaki. Alirudi tena na tena, akasimamishwa langoni. Mama Levi alimwambia, "Mmoja ametosha." Levi alikuwa Lukenya kwenye machimbo ya mawe, akimwambia kwa simu kwamba mama atatulia, ampe muda. Levi ni mtu wa kuwapa watu muda.

Haya yote sikuyajua mpaka asubuhi ile Linet alipokuja kibandani. Alikuwa amekonda, gauni linamning'inia, na mkononi ameshika kopo tupu la soda. Hakumsalimia mtu. Masila alikuwa ameweka vitanda vyake nje, vimepakwa vanishi, vinang'aa juani. Linet akaenda kwenye cha kwanza, akalisukuma kopo kati ya vijiti. Likapita, likaanguka upande wa pili kwa kelele. Akaliokota. Akaenda kwenye cha pili, likapita. Cha tatu likapita. Nilidhani amerukwa na akili, nikamshika bega.

"Mama Kalekye, ni nini?"

"Nimeona kwa simu," akasema. Alisema neno hilo simu bila kunitazama. "Tuko na kikundi ya akina mama, tunatumiana maneno ya watoto. Mmoja akaandika, kama kopo ya soda inaweza kupita hapo kwa vijiti, usilaze mtoto. Mwili inapita, kichwa inabaki."

Ndipo akatueleza alichokiona alipofika mlangoni, kabla ya wengine. Haikuwa shuka. Yule mtoto alikuwa amejisukuma kwa miguu, kama wanavyofanya wakianza kujifunza kutambaa, miguu ikatoka, tumbo likafuata, akaning'inia nje ya kitanda na kichwa kikiwa ndani. Mama Levi alimvuta, akamfunika na shuka, na kwa kelele zake waliokuja waliona shuka tu. Kitanda kikapelekwa stoo siku hiyo hiyo.

Masila alikuwa ameshika randa. "Wangu wanne walilala humo," akasema.

"Wangu mmoja pia alilala," Linet akamjibu.

Nilitamani ardhi inimeze, na haikuwa hata zamu yangu kujibu. Linet hakupiga kelele. Alimwambia tu kwamba kutakuwa na kikao cha ukoo Kola, Jumapili baada ya kanisa, kuamua kama Kalekye atalelewa na nyanya yake moja kwa moja. "Nikisema mimi wataniambia najitetea. Kuja useme wewe fundi. Sitaki kitu kingine kwako. Nataka mtoto wangu."

Masila aligeuka akaendelea kupiga randa ubao ambao ulikuwa umeshapigwa ukaisha. Linet akasubiri, halafu akaondoka. Nami nikamwambia Masila maneno ambayo hayafai kuandikwa. Nilimwambia kama hataenda, nitabomoa bati lililo kati yetu niuze magodoro juu ya kichwa chake. Nilijua anachokiogopa, na sikumlaumu kwa kuogopa, nilimlaumu kwa kunyamaza. Akisema mbele ya watu kwamba kitanda chake kimeua, nani atamnunulia hata kiti?

Kesho yake nilipofungua nilimkuta na msumeno. Alikuwa anakata vitanda vyote vilivyokuwa nje, kimoja kimoja, vikiwa na vanishi yake. Kisha akaanza kupiga simu. Huyu mtu asiyeongea alipigia kila mteja aliyekuwa na namba yake, na wale ambao hakuwa na namba zao alipanda bodaboda akawafuata, amebeba mganda wa vijiti na nyundo, ili aongeze kijiti katikati ya kila nafasi. Vitanda hivi havikai mahali pamoja. Mtoto akikua kinapewa dada, dada anampa binamu, binamu anampa mwenzake wa chama. Kangundo alifuata kimoja nyumba hadi nyumba, mwishowe akakikuta kimekuwa kiota cha kuku, na siku hiyo ndiyo pekee niliyomwona amerudi na uso wa binadamu. Kwingine bwana wa nyumba alimfukuza: mtoto wao analala vizuri, aende na vijiti vyake akawauzie wajinga. Alimwambia ni bure. Akafukuzwa hata hivyo. Mwingine alimwambia watoto wa zamani walilala kwenye ngozi chini na hawakufa. Mimi ningemjibu. Masila alishika mganda wake akaondoka, na kile kitanda bado kiko huko, kina mtoto ndani.

Jumapili alivaa koti lake la harusi, akaja kunichukua.

Kikao kilikuwa uani kwa Mama Levi, viti vimepangwa kivulini mwa nyumba. Aliyekiongoza ni Muthoka, ndugu ya marehemu mzee Wambua, mtu wa haki lakini mpenda kusikia sauti yake. Levi alikuwa amekuja kutoka Lukenya, vumbi la mawe bado liko kwenye nywele. Linet alipewa stuli pembeni, mbali na wengine, kama mgeni aliyekuja kuuza kitu. Mtoto Kalekye alikuwa ameegemea magoti ya nyanya yake. Mamake alipomwita alificha uso kwenye nguo za nyanya.

Baada ya sala na chai, Muthoka akasema wote wanajua kilichotokea, mtoto aliachwa peke yake na mtu aliyekuwa kwa simu.

Linet akauliza, "Baba mdogo, nilikuwa naongea na nani kwa simu?"

Levi akatazama viatu vyake.

"Levi, si ni wewe ulinipigia?"

"Ni mimi," Levi akasema, kwa sauti ambayo hata jogoo aliyekuwa pale aliifunika. Ndiyo, ndugu zangu. Mwanamume huyu aliwaacha watu wamsulubishe mke wake kwa simu aliyoipiga yeye. Muthoka akakohoa, akasema hata hivyo, simu ni simu.

Hapo Masila akasimama. Akaomba kitanda kitolewe stoo. Wakanong'onezana, lakini kikaletwa, godoro langu bado limo. Masila akaomba pia pakiti ya unga ya kilo mbili jikoni. Akaipitisha kati ya vijiti, ikapita bila kugusa mbao.

"Huo ndio mwili wa mtoto," akasema.

"Na kichwa chake kilipitaje hapo?" Muthoka akauliza.

"Haikupita, mzee. Hiyo ndio shida. Miguu ilipita, kiuno ikapita, kichwa ikakataa. Kitanda ni yangu, mimi ndio nilitengeneza vibaya. Mama yake hata angekuwa jikoni, hata angekuwa amelala hapo karibu, hangesikia kitu. Mtoto akishikwa hivyo halii."

Aliketi. Sikuwahi kumsikia akisema maneno mengi hivyo, na sijamsikia tena.

Nilimtazama Mama Levi. Alikuwa anamsubiri Masila amalizie. Alijua kilichobaki kusemwa, nami nilijua, maana nilikuwepo nikicheka: nani aliyeagiza mbao ziachanishwe. Masila angesema neno moja tu na nusu ya mzigo ingemtoka. Nilifungua mdomo niseme mimi. Masila akanitazama, na kwa mara ya kwanza katika ujirani wetu nikafunga mdomo.

Mama Levi akainuka. Akaenda kwenye kitanda, akaingiza mkono wake ule mnene kati ya vijiti, ukapita mpaka begani. Akabaki hivyo, ameinama, mkono uko juu ya godoro tupu.

"Ni mimi nilimwambia," akasema. "Yeye alikataa. Nikamwambia achanishe ndio nimshike mume wangu." Kisha akalia, si kilio cha matanga, ni kile kinachotoka bila sauti, na hakuna mtu aliyejua amshike wapi. Linet ndiye aliyeinuka akamtoa mkono mle ndani, polepole, akamketisha.

"Chukua mtoto wako," Mama Levi akamwambia. "Mchukue, mwanangu. Mimi ndio si wa kuachiwa mtoto."

Muthoka akasema basi imeisha, tuombe. Watu wakaanza kupumua. Mimi nilikuwa nalia waziwazi, nimefurahi, kwa sababu nilidhani kweli imeisha. Shangazi mmoja akaingia ndani akafunga nguo za Kalekye kwenye mfuko, akamvalisha sweta, akamsukuma taratibu kuelekea kwa mama yake.

Mtoto alitembea hatua chache akasimama. Mwezi baada ya mwezi alikuwa amelala katika nyumba ambayo jina la mama yake lilitajwa kwa sauti ya chini. Na siku ile ya kifo, jambo ambalo hakuna mkubwa yeyote aliyekumbuka kuuliza, yeye ndiye aliyekuwa akicheza mlangoni.

Linet akapiga magoti mbele yake, akanyoosha mikono. "Kuja, mama. Twende kwa susu, nyanya wa Kangundo. Utalala na mimi."

"Nikilala utaenda wapi?"

"Siendi mahali. Nitakuwa hapo tu."

Kalekye akamtazama sana, kama mtu mzima anayepima neno.

"Hata Wambua ulimwambia unarudi sasa hivi," akasema.

Linet akamfunga vifungo vya sweta, akachukua mfuko kwa mkono mmoja na mtoto kwa mkono mwingine, wakapita lango. Mtoto alikuwa anavutwa. Masila aliwafuata kwa mbali, amebeba viatu vya mtoto ambavyo shangazi alikuwa amesahau kumvalisha.